Mita Chache Kutoka Kibarazani

Ujumbe uliingia wakati Dallas Lyons anamkata bibi yake kucha za miguu.

Walikuwa kibarazani, Jumapili mchana, jua la Januari limeyabana mabati ya nyumba mpaka yanalia. Bibi Beryl alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mguu mmoja juu ya paja la mjukuu wake, mirija ya oksijeni puani, mtungi mdogo umesimama pembeni. Pumzi yake ilikuwa fupi tangu mapafu yaanze kumsumbua, lakini ya kusemea aliipata sikuzote.

"Taratibu, we! Hicho ni kidole, si kuni."

"Ungekuwa unavaa viatu nisingekutana na kucha kama hizi."

"Viatu, joto hili? Unataka nife upesi urithi kitanda changu."

Simu ilikuwa sakafuni karibu na goti lake. Dallas aliichungulia bila kuuachia mguu.

*Kumbe na kucha unajua kukata.*

Mkono wake ukasimama hewani. Aliinua kichwa. Barabara ilikuwa tupu, lami inametameta kama maji. Gari jeupe la mizigo limeegeshwa mbali, chini ya mkaratusi wa kanisani, lakini katika mji wa Mirrabul magari meupe ya mizigo yamejaa kuliko mbwa. Upande wa pili mapazia ya jirani yamefungwa kuzuia joto. Kasuku wa kijivu walikuwa wanagombana juu ya waya. Mtu hakuonekana.

"Mbona umekuwa mweupe ghafla?" Bibi aliuliza. "Kimbia mjini sasa hivi ukaombe kazi benki, kabla rangi haijarudi."

Siku nyingine angecheka. Alisimama, akaushusha mguu wa Bibi polepole, akasema, "Tuingie ndani, Bibi. Jua kali."

"Umekata mmoja tu."

"Mwingine nitakukatia ndani."

Aliufunga mlango wa wavu, kisha ule wa mbao, akazungusha ufunguo. Bibi Beryl alimtazama. Katika nyumba ile mlango wa mbao haukufungwa mchana isipokuwa kuna msiba.

&nbsp;

Mtu yule hakuwa na uso. Kwenye mtandao ule ambamo wanaume hutafuta wanaume wenzao alijiita Mtulivu, na mahali pa picha aliweka mto Murrumbidgee, maji ya kahawia na miti. Mji mdogo kama wetu huwezi kuwalaumu wanaoficha nyuso. Dallas naye alikuwa ameweka mkono wake tu, umeshika usukani.

Mtandao una nafasi ya kujaza asili yako. Mwanzoni Dallas alijaza ukweli, kwamba yeye ni Mkoori, mtu wa asili wa Australia, wa kabila la Wiradjuri. Miezi mitatu ikapita simu imelala. Waliomwandikia walihesabika. Mmoja aliuliza kama atakuja kwa gari lake au la wizi. Mwingine alisema hajawahi kuonja mmoja wao na angependa kujaribu kabla hajafa. Siku moja, amechoka, alifuta neno lile akaacha nafasi wazi. Kabla jioni haijaingia simu ilikuwa inalia kama kengele ya mlango wa duka. Mkono ulikuwa ule ule, usukani ule ule.

Mtulivu ndiye aliyemwandikia vizuri kuliko wote. *Siku yako imekuwaje?* aliuliza, swali ambalo kule hakuna anayeuliza. Dallas alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee, alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha, na siku hiyo mzee mmoja alikuwa amemwambia asimguse kwa mikono ile. Akamjibu Mtulivu kwamba siku imekuwa ndefu. Wakaongea. Wakaongea kesho yake, na wiki zilizofuata.

Chini ya picha ya mto Mtulivu alikuwa ameandika: *Wanaume wa kawaida tu. Weusi na Waasia msijisumbue. Si ubaguzi, ni chaguo.* Dallas aliyasoma maneno hayo siku ya kwanza, na bado alijibu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko matusi yenyewe.

*Nimechoka kuongea na mkono,* Mtulivu aliandika Jumamosi. *Nionyeshe uso. Tafadhali.*

Dallas alijitazama kwenye kioo, akachana nywele, akajipiga picha, akaituma. Zikapita dakika nyingi. Kisha:

*Wewe ni wa kina Lyons.*

Na kabla hajajua aandike nini:

*Umenidanganya, mbwa mweusi wee. Ungeniacha nikuguse bila kuniambia. Sasa sikiliza. Ukithubutu kunitafuta, ukimwambia mtu yeyote, najua nyumba yenu. Najua anapolala bibi yako.*

Unaweza kumfungia mtu wa namna hiyo asikuandikie tena. Dallas aliweka kidole juu ya kitufe mara kadhaa, akakiondoa. Chini ya kila jina mtandao ule huonyesha umbali alipo mwenye jina. Akimfungia hatajua tena yuko wapi. Nyoka akishaingia ndani, hufumbi macho.

Jumapili ile, kucha zikiwa bado zimetapakaa kibarazani, umbali ulisomeka mita mia mbili.

&nbsp;

"Nani kafunga mlango?" Mjomba Col aliugonga kwa teke la kirafiki. Alikuwa kitindamimba wa Bibi Beryl, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe. Alitoka gerezani mwezi Oktoba kwa masharti ya kuripoti polisi kila Jumatatu na kukaa mbali na ugomvi wa aina yoyote. "Nimeleta soseji. Mnajificha deni la nani?"

"Upepo," Dallas alisema akifungua.

"Upepo gani? Hata nzi leo wanatembea kwa miguu." Alimkagua mpwa wake. "Kuna nini? Umeachwa?"

"Sijaachwa, Mjomba."

"Niambie ni nani. Nitaongea naye kiungwana."

"Ukiongea kiungwana watu hulazwa," Bibi Beryl alisema kutoka jikoni.

Col alicheka, lakini macho yake yalibaki kwa Dallas. Dallas akaichukua mifuko ya soseji, akaenda kusimama mbele ya jiko akiwapa wote mgongo. Alikuwa na woga wa mtu wa nje, na sasa akawa na woga wa mtu wa ndani. Col akijua, atamsaka mtu yule nyumba kwa nyumba. Na siku ambayo Col atainua mkono, hakuna atakayeuliza nani alianza.

Walikula soseji za mchuzi wa bizari na wali. Dallas alizisukuma huku na huku kwenye sahani. Simu yake ilikuwa mfukoni, na kila ilipotikisika uti wa mgongo wake ulijibu.

&nbsp;

Jumatatu alikwenda kituo cha polisi, akavizia saa ambayo Col hakuwepo.

Kaunta ilikuwa ndefu na ofisa alikuwa kijana, mwekundu shingoni kwa kuunguzwa na jua. Nyuma ya Dallas, kwenye benchi, alikaa mwalimu wake wa darasa la sita aliyekuja kuulizia mbwa aliyepotea.

"Kuna mtu ananitishia," Dallas alisema kwa sauti ya chini.

"Sema nikusikie."

"Kuna mtu ananitishia. Kwenye simu."

"Unamjua?"

"Hapana. Ni wa mtandaoni."

"Mtandao gani?"

Dallas alisikia benchi likilia nyuma yake. "Wa kutafuta marafiki."

"Marafiki wa kike?"

"Hapana."

Kalamu ya ofisa ikasimama. Hakusema neno baya. Alikohoa kidogo, akaiomba simu, akasoma, midomo yake ikitembea. Alipofika kwenye picha ya uso wa Dallas aliangalia pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu.

"Picha ulimtumia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na hapa ukurasani kwake ameandika wazi kwamba hataki... Hukuona?"

"Niliona."

"Basi." Akamrudishia simu kama mtu aliyemaliza hesabu. "Zima hicho kitu, rafiki yangu. Futa kabisa. Watu humo ndani wana mdomo, mikono hawana. Akija mlangoni, tupigie."

"Ameniambia anapajua anapolala bibi yangu."

"Mirrabul nzima inapajua anapolala bibi yako." Ofisa alitabasamu, kwa wema hasa. Kisha tabasamu likaondoka. "Mjomba wako Col anajua habari hii?"

"Hajui."

"Asijue. Unanielewa? Ni kwa faida yenu."

Alipogeuka kutoka, mwalimu wake alijifanya anasoma tangazo la chanjo ukutani. Dallas alimsalimu. Mwalimu aliitikia bila kuacha kusoma.

Jioni ile ujumbe mwingine uliingia. *Kituoni ulikwenda kufanya nini?*

Aliusoma akiwa bafuni, mlango umefungwa kwa ndani, maji yanakimbia ili wenzake wasimsikie anavyohema. Kumbe alikuwa anaonekana kila mahali. Kuanzia hapo kila mwanaume mjini akawa Mtulivu. Muuza nyama aliyemuuliza hali. Kijana wa kituo cha mafuta. Baba wa watu aliyemshikia mlango wa maktaba. Dallas alijikuta akiwatazama mikono kuona nani ameshika simu. Kazini alimwagia mzee uji kwenye shati. Nyumbani alihamisha kitanda cha Bibi mbali na dirisha, akasema sakafu ya upande ule imelegea.

"Sakafu haijalegea," Bibi alisema. "Wewe ndiye uliyelegea. Utaniambia lini?"

"Kukiwa na la kusema, Bibi."

"Mimi nilikujua ulivyo ukiwa darasa la nne, ulipokataa kula siku tatu kwa sababu yule mtoto wa kinyozi amehama. Nikangoja uniambie. Ulichukua miaka kumi na mmoja." Alivuta hewa. "Safari hii sina miaka kumi na mmoja, mwanangu. Harakisha."

&nbsp;

Alhamisi ilikuwa siku ya oksijeni. Col alikuwa amepata kibarua cha kuchuma machungwa, ameondoka mapema. Dallas aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye meza ya jikoni, simu mbele yake iko wazi, akitazama tarakimu kama mtu anayetazama maziwa motoni.

Kilomita tatu. Kwa muda mrefu, kilomita tatu. Kisha mbili. Kisha mita mia tisa.

"Bibi, nenda chumbani."

"Nangoja mitungi yangu. Huu mdogo umekaribia kwisha, na huko chumbani sina wa kuongea naye."

Mita mia tatu. Dallas aliinuka akafunga mlango wa nyuma. Akafunga dirisha la jikoni. Mita sitini. Alivuta droo akatoa kisu cha mkate, akakitazama, akaona aibu, akakiweka chini ya taulo. Tarakimu zikabadilika mara ya mwisho: *chini ya mita kumi*. Mtandao ule haupimi karibu kuliko hapo.

Mlango ukagongwa.

"Ni Damien," sauti ilisema. "Mitungi!"

Damien Prowse alikuwa akiwaletea oksijeni kwa miaka miwili, mtu mpole mwenye kofia iliyofifia, aliyemwita bibi yake Mama Beryl na kumwuliza matokeo ya raga. Alivaa glavu kila alipoingia kwao. Bibi alisema kwa jirani havai, lakini Bibi alisema mengi. Dallas alimfungulia haraka, akamvuta karibu kwa mkono.

"Afadhali umekuja. Ingia. Ingia upesi." Akachungulia barabarani. Tupu. Gari jeupe la mitungi langoni, na zaidi ya hapo vumbi tu. Akafunga mlango. Sasa angalau walikuwa wanaume wawili ndani ya nyumba.

Damien aliingiza mitungi miwili kwa kigari chake, akapita na macho chini. Hakuuliza habari za raga.

"Umegombana na mkeo?" Bibi Beryl alimtania. "Leo huna hata salamu?"

"Joto, Mama Beryl." Alipiga magoti mbele ya kiti, akautoa mrija kwenye mtungi uliokwisha, akaanza kuufunga kwenye mpya.

Dallas alikuwa dirishani. Nje hapakuwa na mtu. Uani hapakuwa na mtu. Aliangalia simu. *Chini ya mita kumi.* Aliangalia nje tena. Halafu, polepole, kama mtu anayegundua kwamba sauti anayoisikia inatoka ndani ya ukuta wa nyumba yake, akageuza shingo akautazama mgongo wa Damien, shati limelowa jasho katikati, simu imetuna kwenye mfuko wa nyuma.

Vidole vyake viliandika vyenyewe. *Uko wapi?*

Akatuma.

Mfuko wa nyuma ukatetema.

Damien aliacha kuzungusha. Hakugeuka. Mkono wake wa glavu ulibaki juu ya kifungulio cha mtungi, nao haukuongeza wala kupunguza. Mle ndani palisikika friji tu.

"Mbona hewa haiji?" Bibi Beryl aliuliza.

Aligusa mirija puani kwake, akaitikisa. "Damien? Hewa haiji, baba."

Dallas alikuwa mbali, upande wa pili wa meza. Alifikiria kuruka. Alifikiria kile kisu chini ya taulo. Aliona midomo ya bibi yake ikianza kufunguka na kufunga kama ya samaki, na akajua kwamba lolote atakalofanya kwa haraka linaweza kumfanya mtu yule naye afanye jambo kwa haraka.

"Fungua, Damien," alisema. Sauti ilitoka ndogo, karibu ya adabu. "Fungua hewa. Tafadhali."

Aliikumbuka *tafadhali* hiyo baadaye, na ilimkera miezi mingi.

Mkono ukazunguka. Mtungi ukatoa mluzi wake mwembamba. Bibi Beryl akavuta, akavuta tena, akafumba macho. Damien alisimama, akachukua kigari chake na mitungi mitupu, akatoka bila kuomba sahihi.

&nbsp;

Dallas alimfuata mpaka langoni.

"Nina mke," Damien alisema kabla hajaulizwa. Alikuwa amejibanza kwenye ubavu wa gari, glavu zimekunjwa mkononi, uso umekuwa wa mtoto. "Nina binti wawili. Dallas, nakuomba."

"Ulimfungia bibi yangu hewa."

"Sikumfungia! Mkono uliganda. Naapa. Nilisikia simu, mkono ukaganda."

"Siku zote hizi umekuwa unazunguka nyumba yetu."

"Nilitaka kujua kama umenijua. Basi. Sikuwa nalala. Ulipokwenda polisi nilitapika pembeni ya barabara, jiulize. Wewe huna cha kupoteza, wewe kwenu wanajua. Mimi..." Alijifuta pua kwa kiganja. "Sina ubaya na ninyi. Miaka miwili nawahudumia. Lile la kule mtandaoni ni chaguo tu. Kila mtu ana anayempenda na asiyempenda. Mtu hana haki ya kuchagua?"

"Anayechagua hupita akanyamaza," Dallas alisema. "Wewe ulikuja mpaka kibarazani."

Damien alitazama chini. Kisha alisema jambo ambalo Dallas hakulitarajia, na lililomwumiza kuliko lile tusi la mbwa mweusi.

"Nilikuwa nakungoja kila jioni. Wiki tatu. Nilikuwa nasema nimempata mtu. Halafu ukatuma picha ikawa ni wewe." Sauti yake ilipanda kwa hasira, kama aliyeibiwa. "Kwa nini ilikuwa lazima iwe wewe?"

Dallas naye alikuwa anangoja kila jioni. Angesema hivyo, na lingekuwa kweli, na asingeweza kujisamehe.

"Usije hapa tena," alisema. "Nitapiga simu kwa kampuni walete mtu mwingine."

"Wataniuliza kwa nini!"

"Jibu utakalo."

"Na wewe utasemaje?"

Dallas aliona kwamba swali lile ndilo pekee lililokuwa machoni mwa mtu yule muda wote, hata alipopiga magoti mbele ya mtungi. "Nitasema umetutishia. Zaidi ya hapo ni mambo yako."

Aliporudi ndani Bibi Beryl alikuwa amejisogeza mpaka dirishani, mtungi umesimama naye.

"Mapafu ndiyo mabovu," alisema. "Masikio mazima."

Dallas akamwambia yote, amepiga magoti pale pale alipokuwa amepiga Damien, hata lile la kusoma maneno ya ukurasani na bado kujibu. Bibi hakumkemea kwa hilo. Aliweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo muda mrefu. Mkono ulikuwa unatetemeka. Ndipo Dallas alipojua kwamba Bibi naye alikuwa ameogopa, pale kitini, na kwamba alimwita mtu yule *baba* kwa sababu hiyo.

&nbsp;

Kampuni ilisema itatuma dereva kutoka mji wa Wagga, lakini si kabla ya Jumanne. Jumatatu mtungi wa mwisho ulishuka mpaka kwenye mstari mwekundu, na Bibi akakaa bila kusema, akiitunza pumzi. Ukimya wa Bibi Beryl uliitisha nyumba kuliko jambo lolote. Col alipouliza kwa nini mitungi imechelewa, ilibidi aambiwe.

Alisikiliza amesimama. Alipomaliza kusikiliza alichukua funguo za gari.

"Keti," Bibi alisema.

"Mama, mtu amekukaba pumzi!"

"Keti, Colin. Ukimgusa utarudi ndani, nami nitakufa haupo. Unataka Damien anizike?"

Col alizunguka meza kama fahali zizini. Mwishowe akamgeukia mpwa wake. "Basi mwambie mkewe. Hutoi hata tone la damu. Simu moja tu. Mwache naye aonje."

"Sitafanya hivyo, Mjomba."

"Kwa nini? Unamhurumia?"

"Waliandika siri yangu kwenye ukuta wa shule nikiwa na miaka kumi na sita. Wewe ndiye uliyekwenda kuufuta. Namchukia. Lakini hilo sitalifanya."

Col alirusha funguo mezani, akatoka kukaa uani, na usiku huo hakula.

Dereva mpya alifika Jumanne adhuhuri, mama mnene aliyeimba njia nzima kutoka langoni. Hewa ikarudi, na matusi ya Bibi yakarudi. Lakini Dallas aliendelea kushtuka kila gari jeupe lilipopunguza mwendo. Picha ya mto ilikuwa imetoweka mtandaoni. Alidhani hilo lingempa nafuu. Badala yake sasa hakuwa na tarakimu yoyote ya kutazama, na aliusikiliza usiku kwa masikio matupu.

&nbsp;

Jumamosi asubuhi mwanamke alisimama kwenye ngazi za kibaraza, miwani ya jua imepandishwa kichwani, funguo za gari zinachezacheza mkononi. Dallas alimjua kwa kumwona. Alikuwa Kellie, mke wa Damien. Aliuza chakula kwenye kantini ya shule.

"Sitakawia," alisema. "Shikamoo, Mama Beryl."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Usisimame juani kama mdai kodi."

Alikaa pembeni kabisa ya benchi. Col alijitokeza mlangoni, akaona ni nani, akabaki pale pale amekunja mikono, amefunga mdomo kwa nguvu.

"Wamemwondoa Damien kwenye njia ya hapa," Kellie alisema. "Wanasema amewatishia. Nimemuuliza ni nini, hasemi. Hali chakula. Analala kwenye gari uani, anasema ndani kuna joto." Alicheka kidogo, bila furaha. "Najua mdomo wake. Akilewa huwasema watu wenu vibaya, nami humwambia anyamaze. Kama ndiyo hayo, nimekuja kuwaomba radhi. Si watu wote tuko hivyo. Lakini kama kuna jingine, niambieni. Nina watoto. Naogopa, na sijui naogopa nini."

Alikuwa anamtazama Dallas. Alikuwa na macho mazuri, mekundu kwa kukosa usingizi, na Dallas aliyaona yakimpekua uso kipande kwa kipande, kama yeye alivyokuwa akiwapekua wanaume wa mjini mikono.

Mlangoni Col alivuta pumzi kwa kishindo. Bibi Beryl alikohoa, na Col akaitoa pumzi ile bila neno.

"Alitutukana," Dallas alisema. "Akatutisha. Mengine muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza."

"Muulize tena."

Simu ya Kellie ikaita. Aliitazama, akaiweka sikioni. "Niko nje kidogo... Hapana, si dukani. Niko kwa kina Lyons." Alisubiri. "Kwa kina Lyons, nakwambia. Nimekaa na Mama Beryl na mjukuu wake, tunaongea."

"Damien? Unanisikia?" Aliibana simu sikioni kwa nguvu zaidi, uso umekunjamana. "Hasemi kitu," aliwaambia. "Anahema tu. Mbona anahema hivi?"

Dallas aliisikia pumzi ile kutoka alipokaa, au alidhani ameisikia. Ya haraka, ya juu juu, ya mtu aliyejifungia bafuni na kuyaacha maji yakimbie. Aliijua. Hakupanga kusema. Ilimtoka tu, kwa huruma ambayo hakuitaka.

"Mwambie sijasema kitu."

Kellie aliishusha simu taratibu mpaka mapajani, ikiwa bado haijakatwa.

"Hujasema nini?"